Mpishi wa Bia ya Machi

Nikisema nilifundishwa kazi na mpishi wa bia aliyewapita wote waliowahi kuvaa buti za mpira mjini Johannesburg, watu hunitazama kwa huruma. Wanadhani kila mwanafunzi husema hivyo. Waache wadhani. Mimi ni mtu wa Tanga, maneno matamu tumezaliwa nayo, lakini kwa huyu sihitaji kutia chumvi.

Sote kiwandani tulimwita Mpishi. Wazulu wanaobeba mapipa walimwita Baba, mimi nilimwita Papa kama walivyofanya Wakongo wenzake, ila akiwa hayupo alikuwa Mpishi tu, na hapa nitamwita hivyo. Kiwanda chetu ni kidogo. Kiko Jeppestown, ndani ya jengo la matofali mekundu ambalo zamani lilikuwa karakana ya milango ya chuma, na ukipita nje bila kusikia harufu ya shayiri huwezi kujua kama kuna bia inapikwa. Yeye kazi alijifunzia Lubumbashi, katika kiwanda kikubwa, kabla ya kuja huku. Mimi nilikuja na mabunda ya vitenge, biashara ikanitupa mkono, nikaomba kazi ya kuosha mapipa. Aliniuliza swali moja tu, kama nikipata mafua huwa napona haraka. Nikamwambia napona upesi. Nikaajiriwa.

Bia alizopika zilikuwa nyingi, lakini aliyoipenda ilikuwa moja. Wajerumani wana sherehe yao ya Oktoba, msimu wa majani kupukutika, na kwa sherehe hiyo wana laga za namna mbili. Ya zamani ni ya kahawia, rangi ya chai kavu ukiishika glasi mbele ya dirisha, na wenyewe huiita bia ya Machi kwa sababu ndio mwezi iliokuwa ikipikwa, kisha ikalazwa kwenye baridi hadi sherehe ifike. Ya siku hizi ni ya dhahabu, nyepesi mdomoni ingawa ina nguvu zake kimyakimya, na hiyo ndiyo inayojaza glasi kubwa unazoziona kwenye picha. Mpishi alikuwa mtu wa kahawia. Na kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake alikuwa na hofu moja, wala hakuificha: kwamba siku akivua buti zake, bia ile nayo itatoka mlangoni pamoja naye.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na chini ya ovaroli alivaa tai. Si siku za wageni tu. Kila siku. Tai ikilowa aliikamua, akaendelea na kazi. Mgeni akiomba kutembezwa kiwandani alimtembeza kwa mwendo wa mtu anayewahi basi, na mgeni akigusa bomba lolote aliambiwa asante kwa kuja na kuonyeshwa mlango. Nimemwona akimfanyia hivyo diwani mzima. Kusifia hakujua. Ukifanya kazi nzuri alinyamaza, ukiharibu aliongea, kwa hiyo sisi tulijifunza kuupenda ukimya wake kama wengine wanavyopenda nyongeza ya mshahara.

Sheria yake ya kuonja sijaikuta mahali pengine popote. Alikataa kabisa maneno ya vitabuni. Ukipewa glasi ulitakiwa useme ndani mna nini kwa vyakula vya kwenu, vile ulivyokula ukiwa mtoto, na kama huna chakula cha kufananisha unyamaze. Mara ya kwanza aliponipa bia ya Machi nilionja, nikasema ni nzuri.

“Nzuri njo nini?” akaniuliza. “Nzuri, banasemaka hivyo kwa bibi-arusi. Mi nakuuliza ile bia iko na nini ndani.”

Nikaona aibu. Nikaonja tena, nikafumba macho, nikasema, “Ina ukoko, Papa.”

“Ukoko njo nini?”

Nikamweleza: wali ukishika chini ya sufuria, ule wa kahawia, mkavu, ambao watoto hugombania. Hakunielewa, au alijifanya hakunielewa. Kesho yake alikuja na sufuria na kilo ya mchele, akaniwashia jiko la gesi palepale kiwandani, akaniambia nipike na niunguze. Nikapika, nikaunguza kidogo kama inavyotakiwa. Akakaa juu ya ndoo, akatafuna ukoko, akanywa bia, akatafuna tena. Wazulu wakasimama na mapipa begani wakimwangalia mzee wa tai anakula chini ya sufuria.

“Ee,” akasema hatimaye. “Iko ndani.”

Tangu siku hiyo ukoko ukawa neno la kiwanda. Bosi wetu ni mwanamke wa Soweto, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, lakini mpaka leo akija kuonja kimea kipya huuliza, “Ukoko upo?” Naye aliongeza la kwake, magwinya, yale maandazi yao yasiyo na sukari, kwa ile harufu ya unga wa ngano ulioiva kwenye mafuta. Mpishi mwenyewe alileta karanga za kukaanga na viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu, kama wanavyochoma kwao Katanga. Kwa hiyo mtu akija kutuuliza bia ya Wajerumani ina ladha gani, sisi wa Jeppestown tunamjibu kwa Tanga, Soweto na Lubumbashi, na tunamjibu sawasawa. Hilo hunivimbisha kichwa hadi leo.

Kasoro nazo zilikuwa na majina yake. Alinituma Mayfair, kwa Mzanzibari mmoja muuza viungo, nikanunue karafuu, kisha akanifunga kitambaa machoni na kunipitishia vikombe mpaka nikaweza kuitambua karafuu hata ikiwa chembe moja. Kwenye pilau karafuu ni rafiki, kwenye laga maana yake hamira ngeni imeingia ndani. Mahindi ya kuchemsha maana yake hukuchemsha vya kutosha. Boksi lililolowa mvua maana yake bia imezeeka. Na siagi, hiyo ndiyo iliyomkera zaidi. Hamira ikiwa inachachua hutoa ladha ya siagi, kisha yenyewe huila siagi hiyo, mradi mwishoni uipandishie joto kidogo na uipe siku zake. Ukiiharakisha, ukaiingiza baridini mapema, siagi inabaki. Mwanzoni ni tamu, watu wengi huipenda. Baada ya wiki kadhaa inageuka na kuvunda. Mpishi alisema kupika bia ya siagi ni kumkaribisha mtu nyumbani halafu ukamwekea kiti kibovu.

Kila mwaka, bia za Ujerumani za msimu zilipoingia madukani, alitenga Jumamosi moja mchana kwa ajili ya kuzilinganisha. Meza ilikuwa mlango wa chuma uliosahauliwa na karakana ya zamani, umelazwa juu ya mapipa mawili. Tulionja kwa mpango: kwanza za dhahabu, kisha za kahawia, maji na mkate mkavu katikati. Nakumbuka moja ya dhahabu iliyokuja na asali nyepesi mbele, halafu harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi, na ukimeza inaondoka bila kuaga. Nyingine ilikuwa na unga wa mkate mbichi na uchungu mdogo pembeni mwa ulimi, uchungu wa adabu. Kwenye za kahawia kulikuwa na moja ya ajabu kweli, ganda la mkate lote, sukari guru kwa mbali, nawe unangoja utamu ukulemee lakini mwisho wake ni mkavu, unataka kunywa tena. Mpishi aliinyamazia hiyo kwa muda mrefu, nasi tukajua. Nyingine ya kahawia ilikuwa imepikwa hukuhuku kusini, nzito, sukari iliyoungua mpaka kwenye meno. Akaisukuma mbele kwa kidole. “Hii iko bonbon,” akasema, yaani peremende. Na moja kutoka Ujerumani ilikuwa imekufa njiani, boksi limelowa tangu harufu. Hakuicheka hiyo. Aliikasirikia kontena iliyokaa juani bandarini Durban, akaiombea bia ile rehema kama marehemu.

Yake aliiweka pia, katikati ya nyingine, wala hakuipendelea. Kuna mwaka aliipa nafasi ya tatu. Mwaka mwingine aliipa ya mwisho, akatununia wiki nzima kama vile sisi ndio tuliomshauri.

Kalenda ilimletea ugomvi mkubwa na Bosi. Mwaka wa kwanza Bosi alitengeneza mabango ya sherehe ya Oktoba yenye majani makavu yanayodondoka. Mpishi akalitazama bango, akamshika Bosi mkono, akamtoa nje hadi barabarani, kwenye robot, yaani taa za barabarani, ambapo mijakaranda ilikuwa imejaa maua ya zambarau na mvua ya kwanza ilikuwa inanukia.

“Majani inaanguka wapi, Mama?” akamuuliza kwa Kiingereza chake, ambacho mimi nakiandika kwa Kiswahili chake. “Nionyeshe moja.”

“Eish, Papa,” Bosi akacheka, “ni picha tu. Wateja wanajua.”

“Wateja hapana jua kintu. Hapa majani inaanguka mwezi wa tatu.”

Kisha akatoa hotuba ambayo sote tuliikariri. Wajerumani, alisema, walikuwa wakipika Machi kwa kulikimbia joto, wakaificha bia kwenye mapango yenye barafu. Sisi tunapika Machi tukiisubiri baridi. Baridi ya Johannesburg inakuja yenyewe, kavu, safi, mpaka mlangoni, wala hutafuti pango. Kwa hiyo bia ya Machi, ukiangalia vizuri, imezaliwa Ujerumani kwa bahati mbaya tu, mahali pake ni huku. Bosi alicheka hadi akakaa chini. Mwaka uliofuata bango lilikuwa na jakaranda.

Namna yake ya kupika ilikuwa ya zamani na ilichosha mikono. Shayiri ikishachanganywa na maji ya moto inakuwa uji. Wengine huupandisha uji wote joto kwa mvuke, wakamaliza. Yeye alichota sehemu ya uji, akauchemsha kando kwenye sufuria kubwa huku tukikoroga kwa mwiko mrefu usishike chini, kisha akaurudisha kwa wenzake. Alifanya hivyo mara mbili. Hapo ndipo ukoko unapopatikana, na hapo ndipo gesi inapokwisha, na siku nzima, na mgongo wa mtu. Bosi hakuipenda njia hiyo, na sitasema alikosea. Yeye ndiye aliyelipa gesi.

Sasa nije kwenye mambo yake yasiyolingana, maana yalikuwa mengi. Alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lao la Wakongo liko Bertrams, nyuma ya uwanja wa michezo, kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, na yeye aliimba sauti ya chini kwenye kwaya. Mchungaji wao alikuwa mkali juu ya pombe. Nilialikwa Jumapili moja, nikamsikia mchungaji akiwalaani wapika pombe kwa sauti iliyotikisa vioo, na Mpishi, mstari wa mbele, akaitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Jumatatu nikamuuliza vipi.

“Pasta anasema juu ya bale banalewa,” akanijibu huku anafunga buti. “Mi sijalewa.”

Na hilo lilikuwa kweli, sikuwahi kumwona amelewa. Lakini mkewe, ambaye ni fundi cherehani na hapatani na harufu ya bia hata kidogo, alichukua machicha ya shayiri kutoka kiwandani, akayakausha, akayasaga, akaoka mikate. Mikate hiyo ndiyo iliyoliwa kanisani baada ya ibada, na mchungaji ndiye aliyeipenda zaidi. Aliomba apelekewe na nyumbani.

Halafu uongo. Mtu huyu ambaye asingeweza kusema uongo juu ya glasi hata ukimshikia panga, alidanganya juu ya mpira kwa raha zake zote. Kwa mujibu wake aliwahi kuwa kipa. Jumatatu alidaka kwa timu hii, Alhamisi kwa timu ile, na penalti moja aliyookoa ilihama kutoka mji wa Likasi kwenda mji wa Kolwezi kadiri ya msikilizaji. Ukimshika alicheka. “Weye Tanga,” aliniambia, “unaongea sawasawa kama redio, unataka na mimi niongee kama redio?”

Majira fulani ya baridi umeme ulikatika Jeppestown nzima. Waya zilikuwa zimeibwa, na fundi hakujulikana atakuja lini. Bia ya Machi ilikuwa imelala tangini, inahitaji ubaridi wa karibu na barafu, na mashine ya kuipoza imekufa. Mpishi hakupiga kelele. Alituambia tufungue milango yote jioni, baridi iingie, na alfajiri tuifunge na kulifunika tangi ili ubaridi usitoke mchana. Tukakosa vya kufunikia. Basi akatoka, na baada ya saa moja nikaona kwaya nzima ya Bertrams inakuja barabarani na mablanketi kichwani, akina mama wa kanisa lisilonywa pombe, wakalivisha tangi la bia tabaka kwa tabaka huku wakiimba. Aliwaambia nini sijui. Mmoja wao aliniuliza kama mgonjwa anaendelea vizuri. Nikamjibu anaendelea vizuri. Bia ile ilitoka safi, na Wajerumani wawili waliopita kunywa mwezi wa tisa walinunua pipa zima.

Nimesema hofu yake ilikuwa moja. Mwaka wake wa mwisho kazini hofu hiyo ikamfikia. Bosi alimwita ofisini, akaniita na mimi, akasema wazi kwamba Mpishi akistaafu hawezi kuendelea na bia ya Machi. Watu wa Oktoba, jua likiwa kali, wanataka ya dhahabu. Ya kahawia inakula tangi miezi mingi. Ila Bosi ni mtu wa haki. Akasema tutapika zote mbili, Mpishi apike yake, mimi nipike ya dhahabu, kisha zionjwe zikiwa zimefichwa, na itakayoshinda ndiyo itakayokuwa bia yetu ya sherehe miaka ijayo.

Sitaki kujifanya malaika. Niliipika bia yangu kwa moyo wote. Ilikuwa bia yangu ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho, nilitaka ishinde, na nilitaka yake isishindwe. Mtu anaweza kuyataka yote mawili. Yeye alinisahihisha hapa na pale bila kinyongo, akaniambia niongeze hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, mwishoni, nami nikaongeza. Ya kwake alichelewa kuianza kwa sababu kimea kilikwama bandarini, na niliona anatembea kiwandani haraka kuliko kawaida.

Siku ya kuonja Bosi alialika wenye baa wawili wanaonunua bia zetu, mmoja wa Maboneng, mwingine wa Melville. Tulikuwa watano mezani pamoja na Mpishi. Bosi mwenyewe alimimina kule nyuma, kwenye vikombe vyeusi vya udongo ili rangi isionekane, vinne kwa kila mtu: zetu mbili, na mbili za Ujerumani za kulinganishia. Nilionja, lakini siku hiyo ulimi wangu haukunisaidia kitu. Wenye baa walionja, wakarudia, wakakubaliana. Kikombe cha tatu. Mwanamume wa Melville alikishika kwa mikono miwili.

“Hii ni sharp,” akasema. “Hii inakukumbatia. Nitanunua yote.”

Bosi akamgeukia Mpishi. Mpishi alikuwa bado anacho kikombe cha tatu puani. Tai yake ilikuwa kavu siku hiyo, nakumbuka, aliipiga pasi.

“Ya tatu iko na siagi,” akasema.

Mwenye baa akacheka, akasema ndiyo maana ameipenda, inafanana na magwinya ya mama yake.

“Leo iko tamu,” Mpishi akasema. “Mwezi wa kumi itaoza. Ile bia hapana uzisha.”

Tukaonja tena, sasa tukijua cha kutafuta. Ilikuwapo. Ndogo, imejificha nyuma ya ukoko, lakini ilikuwapo. Bosi akaenda nyuma kuangalia namba, akarudi akiwa amebadilika uso, akaniangalia mimi kabla ya kumwangalia yeye. Kikombe cha tatu kilikuwa cha Mpishi.

Mpishi akainuka, akamshukuru kila mmoja kwa kuja, akaenda mwenyewe kwenye tangi lake, akafungua bomba la chini. Bia ya kahawia ikamwagika sakafuni ikielekea kwenye mfereji, povu jeupe, harufu ya mkate imejaa jengo zima. Nililia, sioni haya kusema. Bia yangu ya dhahabu ikawa bia ya sherehe ya kiwanda, na sikuwahi kushinda kitu kwa uchungu kama ule. Lakini chini ya machozi kulikuwa na jambo lingine. Nilimtazama mzee yule amesimama na ufagio anasukuma bia yake kwenye mfereji, nikaona fahari, fahari kubwa, kwamba huyu ndiye aliyenifundisha. Akaondoka mwisho wa mwaka. Tulimpa saa ya ukutani na makofi.

Sasa mimi ndiye ninayepika pale. Bia ya dhahabu inauzwa vizuri, siilalamikii. Ila kila Machi mikono iliniwasha, mpaka mwaka huu nikamwomba Bosi tangi moja.

“Moja, Sisi,” akasema, yaani dada kwa lugha yao. “Moja tu, na gesi nitaikata kwenye mshahara wako.”

Hakuikata. Nikachota uji, nikauchemsha kando, nikaurudisha, mara mbili. Nikaingoja baridi. Jakaranda zilipoanza kuchanua nikajaza chupa, nikaenda nayo Bertrams kwa Mpishi Jumamosi alasiri.

Anaishi na mkewe kwenye chumba na sebule, karibu na uwanja. Miguu inamsumbua, hakuinuka kunipokea. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watu wote tunaowajua, nikaketi. Kisha nikaiweka chupa mezani bila maelezo. Aliitazama dirishani, akamimina polepole, akangoja povu litulie. Akanusa. Akanywa. Mimi nilikuwa nimeshika magoti yangu kama mtu anayesubiri kutajiwa matokeo ya mtihani.

“Haiko yangu hii,” akasema.

Nilifuata kila kitu, nikamwambia, kimea kilekile, uji uleule.

“Haiko yangu,” akarudia. “Yangu ilikuwa na utamu kidogo mbele. Hii iko kavu. Iko na mukono yako.” Akanywa tena. “Kule mwisho, ulipandisha joto?”

“Nilipandisha, Papa. Nikaipa siku zake.”

Akatikisa kichwa kukubali. “Mi ule mwaka sikupandisha. Kimea kilichelewa, siku ya Bosi ilikuwa inakuya. Niliiharakisha.”

Kumbe alijua tangu mwanzo siagi ile ilitoka wapi. Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza: pale mezani, alipokishika kikombe cha tatu, alijua kwamba ni chake?

“Nilijua mbele ya kufika ku mudomo,” akasema.

“Lakini ilikuwa imeshashinda, Papa! Wenye baa waliitaka. Bosi angeipika miaka yote. Na kabla hujaitaja, hakuna mwingine pale mezani aliyeisikia siagi ile.”

Akaniangalia kama aliyeulizwa swali la mtoto.

“Mi nilisikia,” akasema, akasogeza glasi yake nimwongezee.